Miaka Ishirini na Saba ya Kumtafuta Nazzareno

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, Mzee Sixte Ndabarushimana anastaafu baada ya kulitumikia ghala letu la kuhifadhi ala za muziki za kale, hapa Upplands Väsby, kwa miaka ishirini na saba, miezi miwili na siku kadhaa. Hizo siku anazijua mwenyewe, nasi tumeacha kumuuliza kwa kuwa majibu yake huwa marefu. Alikuja Machi 1999 kwa kibarua cha miezi mitatu cha kuhamisha masanduku. Masanduku yalishahamishwa kitambo.

Mkuu wetu, Pernilla, atamzungumzia kwa Kiswidi ukumbini. Ukurasa huu wa Kiswahili aliuomba Mzee Sixte mwenyewe. Alisema ikiwa ni lazima asemwe, basi asemwe kwa lugha ambayo mkewe Xavérine na waumini wenzake wa Vårby gård wanaweza kuisahihisha. Kazi hiyo nimepewa mimi, Milcah Chebet, niliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na minne. Mimi ni Mkenya, yeye ni Mrundi wa Bwiza, Bujumbura, na tumebishana sana kuhusu Kiswahili cha nani ndicho sahihi. Kulwa, dereva wetu kutoka Mwanza, hutukumbusha kila wiki kwamba wote wawili tumekosea.

Safari yake ya utafiti ilianza kwa ajali. Katika wiki yake ya kwanza kazini, kodiani namba 88 ilimtoka mikononi, ikaanguka sakafuni na kupasuka ubavuni. Kwa wasioijua, kodiani ni kile kinanda cha kifuani chenye mivukuto, ambacho mpigaji hukivuta na kukisukuma. Hiyo namba 88 ilitoka Italia, zama zile mafundi wa mji wa Castelfidardo walipokuwa wangali wachache na kila mmoja akilinda siri zake. Ripoti aliyoiandika Mzee Sixte siku hiyo ipo kwenye faili mpaka leo. Haisemi kwamba aliiangusha. Inasema kwamba ilifunguka. Tumemsihi kwa miaka mingi abadilishe neno hilo moja tu, na amekataa kwa upole.

Basi ilipofunguka, akaona ndani yake, kwenye ubao unaoshika vile vilimi vya chuma vinavyotoa sauti, maandishi madogo ya penseli: Nazzareno, 1889. Nje, kwa herufi za kung'aa, palikuwa na jina la Mswidi mwenye duka aliyeagiza kodiani hiyo na kuiuza kana kwamba ameiunda yeye. Hapo ndipo Mzee Sixte alipopata usemi wake ambao kila mgeni wa ghala hili ameusikia, atake asitake: nje ni mwenye duka, ndani ni mwenye kazi.

Tangu siku hiyo hajaiacha kodiani yoyote ikae bila kufunguliwa. Amefungua mia tatu na kumi na mbili, kwa bisibisi moja ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuiazima. Ananusa gundi kabla ya kusema lolote, akiwa amefumba macho, na wageni wapya hudhani anasali. Kutoka kwenye mbao hizo ameokota majina arobaini na moja ya mafundi wa zamani wa Italia ambao hawakuwa wameandikwa popote, na watafiti wa nchi nyingine humwandikia wakimwita profesa. Yeye huwajibu kwamba ni mtunza ghala, kisha huchapa ile barua inayomwita profesa na kuibandika juu ya meza.

Huandika kwa penseli tu. Ni kweli kwamba kanuni ya ghala inakataza wino karibu na vitu vya kale, lakini Mzee Sixte aliichukua kanuni hiyo akaenda nayo nyumbani. Orodha ya soko, kadi za Krismasi, fomu za shule ya binti yake Alliance, vyote kwa penseli. Fomu zilirudishwa mara mbili, na Alliance, ambaye kama watoto wengi wa hapa humjibu baba yake kwa Kiswidi, alimweleza kwamba shule inataka kalamu ya kweli. Mzee alisema kalamu ya wino ni ya watu waliomaliza kufikiri.

Kiitaliano alijifunza kwenye treni, kutoka Vårby gård mpaka huku kwetu, akisikiliza kanda za maktaba na kujibu kwa sauti. Abiria walizoea. Alisafiri kwenda Italia mara nne kwa likizo yake mwenyewe. Mara ya kwanza Xavérine alifunga sanduku akijua wanakwenda kupumzika pwani. Bahari aliiona vizuri, kupitia dirisha la ofisi ya parokia, huku ameshikilia ncha moja ya daftari la ubatizo la mwaka 1851 na mumewe ameshika nyingine.

Alichokuwa akikitafuta kwenye madaftari hayo ni Nazzareno. Na akampata, au ndivyo alivyodhani: Nazzareno Tombesi, mwenye karakana yake, aliyeajiri vijana sita. Mwaka 2011 ghala likachapisha kijitabu cha Mzee Sixte kuhusu fundi huyo aliyesahauliwa. Siku ile alitia saini nakala zote kwa wino, na kadi ya kumbukumbu ya namba 88 akaijaza kwa wino pia. Ukurasa wa 14 unaeleza kifo cha Tombesi mwaka 1896 kwa uchungu kiasi kwamba Xavérine aliuliza kama familia imepelekewa rambirambi. Sisi tulimtania, lakini tulijivuna naye. Mtu aliyekuja kubeba masanduku alikuwa amempa marehemu jina lake.

Mwaka huu mambo yalikuwa yaishe vizuri. Kijitabu kilikuwa kinachapishwa upya pamoja na tafsiri ya Kiitaliano, na chama kidogo cha wapenda historia kule Castelfidardo kilikuwa kimemwalika Aprili ili kumpa cheti, kikifuatiwa na chakula cha mchana cha kudumu saa nne nzima. Habari ya chakula hicho tulisomewa mara nyingi kuliko habari ya cheti.

Februari, siku ya Alhamisi, Kulwa alileta kodiani kuukuu kutoka Rissne, ambako mzee mmoja alikuwa anahama nyumba. Mzee Sixte aliifungua mbele yangu. Ndani, mahali palepale pa siku zote, palikuwa na penseli: Nazzareno, 1904. Mwandiko ulikuwa uleule, hata ile Z iliyopinda kama mkongojo. Lakini muhuri uliogongwa chini yake ulikuwa wa karakana nyingine kabisa.

Aliyekufa mwaka 1896 haandiki mwaka 1904. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomng'ata Mzee Sixte kilikuwa ukurasa wake mwenyewe wa 14. Aliyeandika ndani ya namba 88 hakuwa Tombesi hata kidogo. Alikuwa kibarua aliyehama karakana hadi karakana akisawazisha sauti za vilimi, na ambaye jina lake lilifanana tu na la tajiri. Nazzareno ni jina la kawaida kule. Ni sawa na mtu akute jina Emmanuel ukutani Bujumbura, kisha aandike maisha ya Emmanuel wa kwanza atakayemkuta kwenye daftari.

Tulioona tulikuwa wawili tu. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, nitasema na yangu. Nilimshauri arudishe ubao mahali pake, akaze skrubu na anyamaze. Nilimwambia, Mzee, umebakiza miezi mitatu, cheti kinakusubiri, nani atakayefungua kodiani hii tena baada yako. Wakati ule sikuona haya. Sasa naona.

Alivaa koti akaondoka, akasahau chakula chake kwenye friji, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya ghala hili. Jumapili, anasema Xavérine, aliendelea kuimba kiitikio kanisani wakati kwaya nzima imeshaketi.

Jumatatu tulimkuta mlangoni kwa Pernilla kabla hata ya kahawa ya asubuhi, kijitabu mkononi. Alimwomba asimamishe uchapishaji, na siku hiyohiyo akawaandikia Castelfidardo kwa Kiitaliano chake cha treni kwamba amekosea. Baadaye, tukiwa jikoni, alinieleza bila kuniangalia. Alisema mwenye duka alimnyang'anya Nazzareno kazi yake mara ya kwanza, na yeye Sixte alimnyang'anya mara ya pili alipompa tajiri sifa zake. Hawezi kustaafu, alisema, huku ana jina la mtu mfukoni. Kisha akaniuliza kama ni mimi niliyekula chakula chake cha Alhamisi. Ndiyo, ni mimi.

Jibu la Castelfidardo lilikuwa fupi na la heshima. Walimshukuru kwa uaminifu wake, na sherehe ikaahirishwa pasipo kutajwa tarehe nyingine. Mbele yetu alichosikitikia ni chakula cha saa nne. Mimi namjua. Xavérine aliniambia kwamba alikuwa ameshapigilia msumari ukutani sebuleni, juu ya televisheni, mahali pa kutundika cheti, na kwamba alikataa kuung'oa. Msumari huo uliniuma moyo na unaniuma bado.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Mzee Sixte alirudi kushindana asubuhi iliyofuata. Alitoa kadi ya namba 88, akaikata ile ya wino, akaandika mpya kwa penseli: mtengenezaji hajulikani, sauti zilisawazishwa na Nazzareno, kibarua, alikuwa hai 1889 na 1904. Aliifuta na kuiandika upya mara tatu ili ile "alikuwa hai" ikae vizuri kwenye mstari. Tangu Machi ameandika kurasa nne mpya za kijitabu, hazina tajiri ndani yake wala kifo cha kuliza. Zina mtu mmoja asiye na jina la ukoo anayetembea na mfuko wa vifaa kutoka mlango hadi mlango, na kila anapomaliza kazi anaacha jina lake gizani. Nimezisoma zote. Ni bora kuliko kijitabu kizima, nami nimemwambia hivyo, akasema bado ni rasimu.

Jioni ya ile Jumatatu, alipoieleza familia yake yaliyotokea, Alliance, aliyekuwa amekuja kula kwao, alimwambia kwa Kiswahili kwamba amefanya vizuri. Kwa Kiswahili, wala hakubanwa. Mzee alitusimulia habari hiyo kesho yake, na keshokutwa, na akaisimulia tena wiki iliyofuata Pernilla aliporudi kutoka safari.

Tunamshukuru Xavérine kwa kutuazima mume wake miaka yote hii na kwa sambusa za kila Desemba, ambazo kwa hakika ndizo zilizofanya mkataba wa miezi mitatu uongezwe. Tunaushukuru pia usharika wa Vårby gård kwa kumvumilia anapowaeleza historia ya kinanda chao kabla ya ibada kuanza. Kuanzia Jumatatu atakuwa na muda zaidi, kwa hiyo tunawaombea subira.

Mzee wetu, umetufundisha kutazama ndani ya kitu kabla ya kusifu jina lililo nje. Mimi binafsi umenifundisha jambo jingine Februari, na asante sijawahi kukupa. Asante, Mzee. Nenda ukapumzike, ukale vizuri, ulale mpaka jua lipande, na Mungu akuongezee miaka ya kutosha kumpata Nazzareno na jina lake la ukoo.

Zawadi utakayopewa leo ni kwa ajili ya ule msumari. Tumeitia fremu ripoti yako ya mwaka 1999, ile yenye neno lako, nawe utaitundika juu ya televisheni. Nyuma ya karatasi, upande unaogusa ubao, sisi wote tuliofanya kazi nawe tumeandika kwa penseli: Sixte, 1999–2026. Jina la ukoo hatukuliweka, ili mtafiti wa miaka ijayo naye ahangaike kidogo. Siku ukitamani kuyaona maandishi hayo, bisibisi unayo. Na Xavérine akiuliza fremu imefanya nini, mwambie ilifunguka.