Mkunga Aliyetafuta Msimamizi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti. Leo tunamkumbuka mkunga ambaye wenzake wodini walimwita Taratibu, maana mzazi apige kelele vipi, yeye alimwambia, "Taratibu mama, tuko wote." Mkunga Taratibu hatunaye tena. Moyo ulimsimama ghafla, akifunga vifungo vya sare.

Taratibu alikuwa na swali lililomkaa rohoni. Kwa nini baadhi ya akina mama wakishajifungua salama hunyamaza kabisa? Hawalii, hawacheki, wanatazama ukuta tu. Alitaka kulisomea swali hilo shahada ya uzamili. Lakini kabla ya kuomba chuo, ilibidi apate mhadhiri wa kumsimamia.

Mwanzoni aliboronga. Aliandika barua pepe ndefu kama treni, akaituma ileile kwa wahadhiri kibao. Kimya. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani aliyeishi naye, akamtania. "Dada, hayo ni maombi au posa? Unawaposa wote kwa maneno yaleyale!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Taratibu akatulia, akasoma kazi za mhadhiri mmoja tu, profesa mwanamke anayechunguza afya ya akili ya wazazi. Akamwandikia kwa ufupi: mimi ni nani, nimeona nini wodini, nauliza nini. Je, mwakani utapokea mwanafunzi?

Profesa akajibu. Tuzungumze kwa simu Jumatano.

Jumatatu Taratibu akafariki. Jumanne akazikwa. Jumatano simu yake ikaita, pale kando ya cherehani.

Mdogo mtu akapokea. Wasikilizaji wapendwa, sauti za ndugu hawa zilifanana. Hata mama yao aliwachanganya.

"Hujambo? Ni mkunga?"

"Ndiyo, ni mimi."

Hajui lilimtokaje. "Nilitaka dada awepo kidogo tu," aliniambia. "Nikaanza kueleza habari za wale akina mama. Nikasikia maneno yake yanatoka kinywani mwangu, mpaka kile kikohozi chake. Nikaogopa kunyamaza, nikinyamaza atakuwa ameondoka."

Profesa akasema, "Niko tayari kukusimamia. Tuma maombi yako."

Hapo akashindwa kuendelea. Neno alilolingoja dada yake limefika, na mwenyewe hayupo.

"Nisamehe, mama. Mwenye swali tumemzika jana. Mimi ni mdogo wake."

Profesa hakukata simu. Akasema, "Basi nisimulie wewe. Yote aliyokuambia." Akasimuliwa mpaka chaji ikaisha.

Leo profesa anaufanya utafiti wa swali hilo katika wodi ileile. Wakunga aliowaacha Taratibu ndio wanaokaa na wale akina mama wanaotazama ukuta. Baadhi ya akina mama hao wameanza kusema.

Lakini mdogo mtu hajatulia. "Mtu akiniuliza kwenye simu, ni wewe? Nasita. Nikijibu ni mimi, nageuka kutazama nyuma."

Kwa mama mzazi, kwa fundi wetu, kwa wakunga wote wa wodi ile, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe unayetusikiliza, huenda kuna mtu usiyemjua amekuandikia, akauliza kama una nafasi. Mjibu leo. Hata kama huna, mwambie huna. Mjibu, alisikie jibu kwa masikio yake mwenyewe.