Mzee Osea Mbonile na Nyumba Saba za Chapwa

Mzee Osea Mbonile alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948 huko Mbozi, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, Mzee Barnaba Mbonile. Alisoma hadi darasa la nne, kisha baba yake akamkabidhi kwa fundi mwashi. Shule hiyo ya pili ndiyo iliyomkaa kichwani.

Mwaka 1969 alihamia hapa Chapwa kutunza nyumba saba za matofali ya kuchoma zilizojengwa kabla ya Uhuru, zenye baraza pana na milango ya mninga. Baadaye alinunua moja, hii mnayoitazama. Kila alipotengeneza paa aliandika tarehe kwa penseli kwenye kenchi. Kuta zile zilijengwa kwa udongo na chokaa, na marehemu alisema mpaka mate yakamkauka: jamani, msizipige plasta ya saruji, zitashika maji. Wenye nyumba wakamwona mshamba. Wakapiga plasta, wakapaka na rangi ya maua. Masika mawili tu, kuta zikapasuka, ndipo wakatangaza kwamba nyumba za zamani ni mbovu! Sita zimebomolewa hivyo, na leo malori yanaegeshwa pale. Wengine waliobomoa wamekaa hapa wanakula ubwabwa wa msiba.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Ferista. Bwana harusi alichelewa saa nzima, kwa kuwa alikuwa bado anafunga bawaba za mlango atakaoingilia mkewe. Bibi harusi akamwambia mchungaji, "Tumngoje tu. Bora achelewe kuliko nikalale kwenye nyumba ya mlango wa gunia." Kanisa zima lilicheka. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021. Januari mwaka huu, akiwa amelazwa, aliwaita mwanawe mkubwa, Shadrack, na binti yake Recho, huyu anayewasomea. Akasema, "Mnizike nyumbani, mbele ya baraza." Shadrack akaitikia, "Ndiyo, baba." Recho alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Mzee alifariki tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa, maana aliyezichapisha ni Shadrack. Kwenye kikao cha ukoo alisimama akasema baba azikwe Mbozi kwa mababu. Maneno matamu, wazee wakaafiki. Hakuwaambia kwamba ameshapata mnunuzi wa nyumba hii, anayetaka kuibomoa ajenge loji, na kwamba kiwanja chenye kaburi hakuna anayekigusa. Recho alipombana, alijibu, "Usilete ubishi, mdogo wangu. Hizi ni tofali kuukuu tu." Tofali kuukuu! Mama yao alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Katika kikao kizima, wanaume kumi na wawili wenye akili zao, hakuna hata mmoja aliyeuliza mama atakwenda kuishi wapi. Loo, aibu gani hii! Recho ana hasira, na hataomba radhi kwa hilo.

Jana asubuhi Mama Ferista alichukua jembe, akaanza kuchimba mbele ya baraza. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, kila mtu anajua. Shadrack akamkimbilia, "Mama, unatuaibisha!" Mama hakuinua hata kichwa. "Mwenzangu nilimwahidi," alisema. "Wewe pia ulimwahidi." Shimo lilipomfika magotini, majirani walimpokea jembe, na mwenyekiti wa mtaa akaandika palepale kibali cha kuzika hapa. Kaburi la Mbozi nalo limechimbwa na liko wazi. Shadrack akalifukie mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu tisa, na nyumba moja kati ya saba. Mnunuzi yupo, amekaa pale nyuma na shada lake la maua. Karibu sana, ndugu. Ukiinunua nyumba hii, unamnunua na Mzee Osea, hatua nne kutoka barazani, na mkewe ndani.

Mzee Osea apumzike kwa amani, kwake.