Kijiko cha Nne cha Mama Katungu

Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, saa tisa alasiri, Mama Marie-Jeanne Katungu anakabidhi funguo za wodi ya mashariki na kustaafu, baada ya kuwahudumia wazee wa nyumba yetu hii ya Quakers Hill kwa miaka kumi na tisa na miezi minne. Ukurasa wa Kiingereza wa programu hii ya kumuaga umeandikwa na ofisi, nao una picha nzuri. Huu wa Kiswahili umeachiwa chumba cha dobi, kwa kuwa ofisi haina mtu wa kuukagua.

Mama Katungu alizaliwa Butembo mwaka 1958. Alifika Sydney mwaka 2004, akitokea Kampala, na watoto watatu na cheti cha ualimu ambacho hapa hakuna aliyekitaka. Februari 2006 aliajiriwa kwetu dobi. Alikunja shuka miaka miwili, na siku zake za mapumziko akasomea utunzaji wa wazee kwa Kiingereza alichokuwa akikijenga huku akikitumia, kama mtu anayeezeka nyumba mvua ikinyesha. Alifaulu akiwa na miaka hamsini. Dobi ikampoteza, wodi ikampata.

Chumba cha dobi hakijui siri za ofisi, lakini kinajua nani anamwaga supu. Vitambaa vya kifuani ambavyo wazee huvaa wakati wa kula hutufikia vyote. Vya wodi nyingine huja na ramani ya chakula cha mchana, karoti hapa, mchuzi pale. Vya Mama Katungu huja visafi. Mpishi wetu Patrick aliwahi kubisha kwamba mama anavibadilisha njiani. Akaenda kujionea mwenyewe, akakaa mlo mzima akimtazama anavyomlisha mzee anayetetemeka mikono na kichwa. Aliporudi jikoni alisema neno moja tu: "Anangoja." Siri yote ndiyo hiyo. Wengine wetu tunafuata saa, yeye anafuata kinywa.

Tena haingii chumbani bila kupiga hodi, hata kwa mzee asiyesikia. Ndiyo maana wazee waliozaliwa na kuzeekea Australia hujibu "Karibu" kama watu wa Goma, na wageni wao wakabaki wanatazamana.

Mmoja wa waliojibu hivyo alikuwa Douglas, ambaye Mama Katungu alimwita Papa Douglas. Kwao kulikuwa Corrabee, mji wa mtaa mmoja ng'ambo ya milima, mahali ilipoanzia soda ya limau ya Tumley, ile ya chupa ya kijani ambayo siku hizi haikosekani kwenye kituo chochote cha mafuta. Alifanya kazi katika kiwanda cha soda hiyo miaka thelathini na mmoja, akikagua chupa kwa sikio: anagonganisha mbili, anasikiliza kama kuna ufa.

Mwaka jana kiharusi cha pili kilimwachia koo dhaifu. Kila alichokunywa ilibidi kikorogwe na unga maalumu mpaka kiwe kizito kama uji, asije akapaliwa. Mtu aliyeishi kwa soda akawa anapewa uji wa chai. Alimwomba Mama Katungu jambo moja: apelekwe Corrabee, aonje Tumley pale pale ilipozaliwa, kabla hajafa. Mama Katungu akaahidi. Baada ya hapo mzee akapunguza kula, akaacha kusema, mwisho akaacha hata kujibu hodi.

Mama Katungu aliandika maombi mara nne. La kwanza lilikataliwa kwa sababu ya umbali, la pili kwa sababu ya bima. La tatu lilirudishwa kwa kuwa lilikuwa kwenye fomu isiyo yake. La nne lilikubaliwa: siku moja, muuguzi awepo, na mtaalamu wa koo akaandika kwa mkono wake kwamba mzee anaruhusiwa vijiko vitatu vidogo vya soda, akiwa amekaa wima, basi.

Waliondoka Jumapili moja ya Septemba kwa basi dogo la nyumba: Papa Douglas, muuguzi wetu sista Jacky Wanjugu, Mama Katungu, na dobi kwenye usukani, kwa sababu leseni inayo dobi. Mama Katungu alipanda akiwa amekumbatia kreti ya Tumley, chupa ishirini na nne, alizonunua dukani Merrylands.

Sista Jacky alicheka mpaka Lithgow. "Aki Mama, unapelekea kuku mayai?"

"Niingie kwa watu mikono inaning'inia, ma chérie? Sikulelewa hivyo."

"Lakini ni kwa wenye soda."

"Na wenye soda ni watu."

Kiwanda cha Corrabee sasa ni makumbusho. Mama Katungu alipiga hodi mlangoni na kreti yake mikononi. Mlinzi wa kujitolea, bibi mmoja aitwaye Abigail, akamuuliza kama ameleta mzigo wa duka. "Hapana," akajibiwa, "tumekuja kuwasalimu." Bibi akaitazama ile kreti kwa muda. Kisha akaeleza, kwa haya kidogo, kwamba makumbusho yana chupa mia nne, zote tupu. Kiwanda kilifungwa zamani. Tumley hujazwa Sydney, mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa Quakers Hill, mji hauna kituo cha mafuta, na duka lake pekee hufungwa Jumapili. Siku hiyo, mahali ilipozaliwa soda ile, soda pekee ilikuwa ile aliyoibeba Mama Katungu. Sista Jacky hakurudia habari za kuku.

Papa Douglas alikuwa na wiki tatu bila kusema neno. Tulipomsogeza karibu na meza yake ya zamani ya kukagulia chupa, alinyoosha mkono, akachukua chupa mbili kutoka kwenye kreti, akazigonganisha, akasikiliza. Akachukua mbili nyingine. Alizipitia zote ishirini na nne, nasi tukasimama kama watu walio ibadani. Moja akaitenga. Chini ya lebo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Hii," akasema kwa Kiingereza chake cha milimani, "usimpe mteja."

Kisha vijiko. Cha kwanza alikipokea akiwa amefumba macho. Baada ya cha pili alisema, "Wameongeza sukari." Cha tatu alikaa nacho kinywani muda mrefu. Akameza salama, halafu akafungua kinywa tena.

Sista Jacky aligeukia ukutani na kuanza kusoma historia ya vizibo kwa bidii ambayo vizibo havijawahi kuonyeshwa. Dereva alikumbuka gurudumu lake, akaenda dirishani kulitazama. Kijiko cha nne hakuna ambaye angekiandika popote. Mama Katungu alishika kijiko, akangoja kama kawaida yake, akaitazama shingo ya mzee, kisha akakilaza kijiko kwenye sahani.

"Hicho cha nne, Papa, nakuwekea."

Mzee alimtazama, akafunga kinywa, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyegonga chupa na kuikuta nzima.

Kurudi, tulikuwa tumeshafika Penrith. Hapo Mama Katungu akasema, "Nimemnyima mzee kijiko."

"Mama, umemfikisha kwao na unamrudisha hai," sista Jacky akamwambia.

"Najua. Na nimemnyima kijiko."

Papa Douglas aliishi miezi mitano zaidi, na kila asubuhi alijibu hodi. Alifariki Februari, akazikwa Corrabee. Siku ya mazishi wahudumu wawili walikuwa wagonjwa. Mama Katungu alibaki wodini kulisha walio hai, na vitambaa vya siku ile vilikuja dobi visafi kama siku zote.

Ofisi ilipomuuliza angependa zawadi gani ya kustaafu, ikamwonyesha saa tatu za mkononi za kuchagua, yeye aliomba basi dogo kwa siku moja. Safari ya Corrabee ni kesho, Jumamosi. Kreti imeshafika, iko chini ya meza yetu ya kupigia pasi, na Patrick ametoa kijiko kimoja cha jikoni bila kudai kirudi.

Mama Katungu ni Mkristo wa kila Jumapili, kwa hiyo akiulizwa kwa nini kijiko cha nne kimemwagwa kaburini hatasema ni tambiko. Atasema kilimponyoka. Sisi tutaitikia, ingawa mkono huo kwa miaka kumi na tisa na miezi minne haujamwaga hata tone.

Asante, Mama, kwa kungoja. Nasi tunakuombea uzee ambao kila anayeingia kwako atapiga hodi kwanza.