Mzee Sumari na Kitako Kilichookoa Mashine

Miaka thelathini na saba jamani! Mzee wetu Aminiel Sumari aliingia kiwanda chetu cha uchapaji hapa Lemara mwaka 1988 akiwa na ndevu tatu kidevuni, na Jumatatu hii tarehe 30 Juni 2025 anastaafu akiwa na wajukuu watano. Mimi Mama Princess, wa kukunja na kufungasha, nimekaa meza ya jirani naye miaka kumi na tisa. Nikisema kitu hapa, nimekiona. Ambacho sikukiona, nimeuliza.

Mzee ni wa Akheri, kwenye kahawa na migomba, na ndizi anazotuletea kazini tumezila sana. Alianza kwa kufagia, akapanda mpaka akashika ile mashine nyeusi ya chuma, inayokandamiza karatasi mpaka maandishi unayasikia kwa kidole. Yeye kila kitu anapima kwa kidole gumba. Kwenye send-off ya Princess wangu alipima keki kabla haijakatwa, akasema upande wa kulia umezidi. Na ulikuwa umezidi kweli!

Sasa niwape ya mwaka 2016, maana wengine hamkuwepo. Herufi za madini ya risasi za kuchapia zilikuwa zimelika, kadi zinatoka kama zimechapwa kwa makaa. Bosi wetu Frederick akasema tujaribu pleti mpya za plastiki badala ya herufi. Zile ni nyembamba kama ganda la kitunguu, lazima chini yake kikae chuma bapa cha kuziinua, ndio sisi tunauita kitako. Bosi akatoa muda mpaka mwisho wa mwezi. Zikigoma, mashine inauzwa chuma chakavu na Mzee anahamia getini kufungulia magari. Mtu aliyechapa kadi za harusi za nusu ya mji huu, akapige saluti getini! Wiki hiyo ndizi hazikuja.

Calvin wa manunuzi ndiye aliyeagiza kitako. Akapima fremu ya mashine ndani, ukuta hadi ukuta, kama mtu anayepima kapeti la sebuleni, akaagiza saizi hiyohiyo. Mzee alimwambia, "Baba, acha nafasi." Calvin akamjibu kikubwa ndio kizuri, kazi zote zitaenea. Kilipofika kikaingia kwenye fremu kikabana ndi, kama mfuniko wa sufuria. Vibao vya kukibana vikae wapi? Vifungo vya kukaza viingie wapi? Hamna. Tulikitoa kwa nyundo, na Calvin jasho linamtiririka.

Zimebaki siku nne. Sakaya wa chuma chakavu keshapita na pikapu yake kuichungulia mashine, anaigongagonga kama ng'ombe wa mnada. Mzee hakumwangalia. Alichukua boksi la biskuti akakata vipande vitatu, kikubwa, cha kati na kidogo, akawa anaweka kimoja kimoja kwenye fremu, anaizungusha mashine kwa mkono taratibu huku ameinama. Kile kikubwa, vidole vya mashine vinavyoshika karatasi vinakikanyaga, kingekuwa chuma vingevunjika siku ya kwanza. Kidogo, kadi ya harusi haienei. Cha kati kikakaa na kadi ikaenea, na pembeni kote ikabaki nafasi ya kidole gumba kimoja, ya kuweka vibao na vifungo.

Akabeba kile kitako kwenda kwa fundi Yiamat kule Sombetini kikakatwe. Calvin akamkimbilia, "Mzee wangu, kikiharibika mimi najificha wapi?" Mzee akamwambia, "Kizima hakifanyi kazi. Kimeharibika tayari, baba. Nishikie mlango."

Kikakatwa, na kile kipande kilichobaki kikawa kitako cha kadi ndogo za biashara. Tumepata viwili! Kadi ya kwanza ilipotoka, bosi alifumba macho akaisoma kwa kidole, kisha akampigia Sakaya simu kwamba asije. Mwaka uliofuata Sakaya alikuja mwenyewe kuchapisha kadi za harusi ya binti yake, na Mzee akamuuliza kama anataka za chuma chakavu.

Mpaka leo mashine inanguruma, na Mzee hajafungua geti hata siku moja. Ndeshi, ambaye Mzee kamfundisha miaka sita, ndiye anayeishika sasa, na kadi hii ya kumuaga Mzee uliyonayo mkononi kaichapa yeye. Kitako kachagua mwenyewe. Mzee alikuja, akapitisha kidole gumba pande zote nne, nafasi ikatosha, akaenda zake kunywa chai. Ndeshi alilia, nimemwona!

Mimi nilikuwa na mengine mengi, ila Ndeshi anasema maneno yamefika ukingoni na kitako hakivutiki. Asante Mzee wetu. Nenda kapumzike Akheri, ule loshoro ya moto ya maziwa mgando, uishi miaka mingi. Na Jumatatu inayofuata ndizi tutazifuata huko wenyewe.