Redio Iliyokuwa Nzima

Sogeeni wanangu, Wahiba kaa hapo miguuni, na wewe Mazin acha kusimama mlangoni kama mgeni. Hii ni nyumba ya baba yako, japo mie mwenyewe ndiye niliyekufukuza humu miaka miwili iliyopita.

Nyumba hii ya Tandika sitaisemea mengi, mirathi ina sheria yake na sheikh ataigawa, na atakayemnunia mwenzake kwa ajili ya chumba cha uani ajue amenikosea mie. Ninalotaka kulisema ni la redio.

Mnaijua, ile iliyokula meza nzima, iliyomfanya marehemu mama yenu aseme ameolewa uke wenza na chuma. Kila Jumamosi baada ya alasiri nilikuwaga naiwasha, nangoja valvu, zile taa zake za kioo, zipate moto, halafu naita, na Kornelio, rafiki yangu wa hewani, ananijibu kutoka Songea. Miaka thelathini na moja, na uso wake sijauona hata siku moja. Tuliongea antena, mvua, magoti yetu. Wenzetu walikuwepo wengi, wakaacha mmoja mmoja, tukabaki sie wawili.

Basi Jumamosi moja nikaita, kimya. Iliyofuata, kimya. Nyie mtu asipojibu mnasema ana ishu zake; sie mafundi tunasema redio imeharibika, maana ndiyo kazi tuliyojifunza. Nikaifungua. Nikabadili kapasita, nikabadili valvu ya mwisho niliyokuwa nimeihifadhi ndani ya soksi. Nikaenda Kariakoo kwenye lile duka la spea, nakuta wanauza vioo vya simu, na muuzaji ananiuliza, valvu ndiyo nini, babu? Babu! Nikafika hadi Ukonga kwa Mudathir, fundi mwenzangu wa zamani, naye keshauza vifaa vyote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akanipa chai na kunionea huruma. Nikarudi nimekasirika, nikazing'oa spea redio nyingine mbili ili niilishe hii moja.

Ndipo ulipokuja wewe Mazin na kipimo chako, ukapimapima, ukaniambia, "Baba, redio nzima hii. Labda mwenyewe ndiye hayupo." Nikakuita mjuaji, fundi wa simu usiyejua kushika solda, nikakwambia utoke na usirudi. Ukatoka. Ulisema kweli, mwanangu, nilijua pale pale kuwa umesema kweli, ndiyo maana nikapiga kelele. Nisamehe.

Nikaendelea kuitengeneza redio nzima mpaka nikaiua. Nilizungusha vya kuzungushwa na visivyozungushwa, transfoma ikaungua, moshi ukajaa chumba. Mwezi uliopita akabisha hodi Hope, binti yake Kornelio, kaja Dar kikazi, jina langu na mtaa kavikuta kwenye daftari la babake. Kornelio amekufa miaka mitatu sasa. Jumamosi zote zile, wanangu, namwita marehemu na kuzitukana spea.

Kwetu sie watu wa hewani, mwenzetu akifa tunamtangaza. Tunataja jina lake na herufi zake za wito, zile alizokuwa akiitiwa hewani, kisha tunanyamaza dakika moja. Kornelio hakutangazwa. Wa kumtangaza nilikuwa mie, nami nilikuwa nimeinamia solda. Mazin, watafute waliobaki kwa hiyo simu yako, nasikia wana makundi humo. Ututaje wote wawili, Kornelio kwanza. Redio msimpelekee fundi. Valvu hakuna, na hata ikipatikana, hakuna wa kuongea naye. Iuzeni shaba yake, ni shaba nzuri.

Ngoja nipumue… Wahiba, wewe uko Kibamba, mwenzio Mikocheni, ni mbali. Siku mmoja wenu akinyamaza, msilaumu simu, msilaumu mtandao, msitafute ubovu. Pandeni gari mkabishe hodi. Hilo… hilo ndilo ninalowaachia. Radhi zangu mnazo, nyote wawili, sikubakiza kinyongo. Mungu awape watoto… watoto wa kuwasumbua kwa mapenzi, kama nyie mlivyonisumbua.

Zima hiyo feni, Wahiba, inanizibia masikio. Mazin, sogea. Usilie, sema kitu. Chochote tu, mwanangu… nikusikie.