Mama Mbawala na Fungu la Nyanya Lililozidi Uzito

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Lidwina Mbawala anastaafu. Ametumikia ofisi yetu ya takwimu hapa Songea miaka thelathini na miwili na miezi minne, akiuliza watu mambo mawili ambayo hakuna apendaye kuulizwa: unauza bei gani, na je, una kazi?

Alianza Machi 1993 akiwa na daftari, mizani ya mkononi na viatu ambavyo, kwa maneno yake mwenyewe, vilikwisha kabla ya muda wa majaribio. Kazi ya bei inaonekana nyepesi kwa asiyeijua. Kila mwezi unarudi duka lile lile, kwa bidhaa ile ile, kwa uzito ule ule, ili kinachobadilika kiwe bei tu. Kisha bei hizo zinaingia kwenye kapu la matumizi ya kaya, ambamo unga una uzito mkubwa kuliko kiberiti kwa sababu ndio unaokula fedha za watu. Kapu hilo likigharimu zaidi ya lilivyogharimu mwaka uliopita, ongezeko hilo ndilo mfumuko wa bei.

Shida ni kwamba sokoni kwetu nyanya haziuzwi kwa kilo, zinauzwa kwa fungu. Muuzaji anaweza kukutajia elfu moja ile ile miezi sita mfululizo, huku fungu likipungua nyanya moja moja. Fungu la elfu moja likishuka kutoka kilo moja hadi gramu mia nane, bei imepanda kwa robo nzima, hata kama kinywa cha muuzaji hakijabadilika. Kwa hiyo Mama alipima kila fungu. Siku za mwanzo Bakili, muuza dagaa, alipoiona mizani alidhani ni mtu wa kodi, akafunga kibanda na kujifungia ndani yeye mwenyewe. Tangu hapo Mama aliamua kununua kama wanunuzi wengine, na kupima ofisini.

Katika uchunguzi wa nguvukazi alikuwa fundi. Nilifuatana naye Mshangano, tukamkuta mama mmoja mbele ya kikaango. Jina lake silitaji, maana siri ya mhojiwa ni sheria kwetu, na Mama angenifuata nyumbani. Alituambia hana kazi, yuko nyumbani tu, huku akigeuza vitumbua vya kuuza. Mimi nilikuwa nimeshaweka alama. Mama akanishika mkono, akamuuliza taratibu kama katika siku saba zilizopita alifanya chochote cha kumpatia kipato, hata kwa saa moja. Basi mama yule akahesabiwa kuwa ana kazi. Nyumba ya pili mume alisema anayo kazi, tena nzuri. Mama akanywa uji wao polepole hadi mke alipokwenda bombani, ndipo mume akakiri kwamba mwaka mzima anatafuta na hajapata. Huyo ndiye asiye na ajira. Bibi mzee wa nyumba hiyo, aliyelala ndani, asiyeweza wala kutaka kazi tena, hayumo kwenye hesabu hiyo kabisa.

Sasa niseme lililo moyoni. Januari 2014 Mama alifiwa na mumewe, Mzee Mathias. Alirudi kazini Februari, na kuanzia mwezi huo hadi Mei takwimu zake zilionyesha mboga zinashuka bei Songea, wakati mji mzima unalalamika. Siku moja ya Mei nilinunua nyanya zangu za mchana kwa Zabibu, mwenyeji wa Nalasi mwenye meza pale sokoni. Kwa utani nikaziweka kwenye mizani kando ya zile za Mama, meza ile ile, bei ile ile ya mia tano. Zangu zilikuwa gramu mia sita. Zake mia tisa. Nikacheka, naye akacheka, kisha akazipima tena.

Nyongeza ya kawaida, ile inayotupiwa juu ya fungu, Mama alikuwa akiikataa siku zote. Hakujua kwamba Zabibu na wenzake walikuwa wamekubaliana kumtengea fungu lake mapema, chini ya meza, kwa ajili ya msiba.

Cheo cha usimamizi kilikuwa kinamngoja mwezi uliofuata. Angeweza kukaa kimya, na mimi nilimshauri hivyo, naona aibu kuandika. Yeye aliandika barua kwa mkuu wetu wa wakati ule, Mzee Rupert, akaomba bei zake za mboga za miezi minne ziondolewe kwenye hesabu. Zikaondolewa. Cheo kikaenda kwa mwingine, naye akakingoja miaka mitano.

Lakini kilichomliza hakikuwa cheo. Alikwenda sokoni kuwaomba waache, na Zabibu akaumia.

“Mama, mfiwa hupewa pole. Mimi sikuwa na ng'ombe, nilikuwa na nyanya. Leo unanirudishia pole yangu?”

“Zabibu mdogo wangu, umenipunguzia mimi, lakini mizani imeandika umeupunguzia mji mzima.”

Tangu siku hiyo Zabibu humtajia bei, humkabidhi fungu, basi. Miaka kumi na moja Mama amerudi pale kila mwezi, kwa sababu kanuni inasema meza ile ile. Sisi tuliomfahamu tulijua anampenda yule dada.

Mama, tunakushukuru kwa kutufundisha kuuliza kwa adabu na kuandika kweli. Tunakuombea afya, usingizi mzuri pale Mjimwema, na wajukuu wasiokuchosha. Ila kuna ujumbe ambao niliombwa nikufikishie. Wiki iliyopita Zabibu alikuja hapa ofisini, mara yake ya kwanza, akauliza Mama anaacha lini kuwapima. Nikamwambia Jumatatu.

“Haya,” akasema, “Jumanne asubuhi aje na kikapu, asije na daftari. Nina pole yake ya miaka kumi na moja.”

Nenda ukapokee, Mama. Hakuna atakayepima.

Sixbert Haule,
kwa niaba ya wenzako wa dawati la bei