Mstari wa Tatu, Namba ya Kwanza

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la kuchapa na kutoa nakala. Birika la kahawa liko chini, vikombe viko juu ya kigae, na dirisha la duka liko juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo tunayosema nje yanasikika ndani, jambo ambalo huwa tunalisahau. Mimi nashona viatu hapo pembeni. Wenzangu ni Fundi Saa, Karani aliyestaafu posta, na Cherehani, mama mmoja mshonaji mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Duka lilikuwa la rafiki yetu Waya, tuliyemzika miezi saba iliyopita, na sasa analiendesha mkewe, tunayemwita Shemeji. Alhamisi hiyo kompyuta ya Waya ilikuwa inavuma mpaka nje, na Shemeji alikuwa na mitihani ya shule ya kuchapa kabla ya saa tisa mchana. Jana yake alituambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba mashine ikimwangusha kwenye kazi hii basi anaiuza, anafunga duka, anakwenda kukaa kwa dada yake. Tangu hapo kahawa haikuwa na ladha, ila kila mtu alisingizia sukari.

Fundi Saa alitoka ndani akakaa.

FUNDI SAA: Tisini na tatu.

KARANI: Umesoma vizuri lakini? Maana juzi ulisoma joto la kipimajoto cha ukutani.

FUNDI SAA: Mstari wa tatu, namba ya kwanza. Mimi si mtoto.

Karani akaandika kwenye daftari lake, saa na namba, kwa ule mwandiko wake wa kugonga mihuri.

Hapa inabidi nieleze. Waya alipoanza kuumwa, alituita ndani mmoja mmoja akatufundisha kuangalia mashine. Unafungua dirisha jeusi, unaandika maneno aliyoyabandika ukutani kwa mkono wake, unabonyeza kitufe kikubwa, kioo kinajaa namba. Alisema, "Mstari wa tatu, namba ya kwanza. Hiyo inakwambia prosesa inafanya kazi kiasi gani, na prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Ikiwa kumi, imetulia. Ikikaribia mia, imelemewa. Huko chini msisome, mtachanganyikiwa bure." Fundi Saa, ambaye haheshimu kitu kisichokwenda kwa nukta za sekunde, akaomba kioo kiende haraka zaidi. Waya akacheka, akaongeza kwenye ile karatasi namba ya kukifanya kihesabu upya mara kumi kwa sekunde. Tangu tumzike, kila mmoja wetu anaingia mara tatu kwa siku kuangalia.

CHEREHANI: Sasa tisini na tatu maana yake nini?

FUNDI SAA: Imechoka. Kila kitu kinachozunguka kina springi, na springi ikilegea ndiyo basi.

CHEREHANI: Prosesa inazunguka wapi? Waya mwenyewe alisema imekaa tu kama biskuti.

FUNDI SAA: Basi biskuti yenyewe imelegea.

KARANI: Hebu tusikilize kumbukumbu. Jumapili umeme ulikatika, mashine ikazimika. Ulivyorudi, namba ilikuwa nne. Nne, jamani. Jumatatu ikawa ishirini na sita, Jumanne hamsini, jana themanini na tano. Hii si springi. Kuna mtu anaitumia.

MIMI: Nani?

KARANI: Mtu. Yuko mbali huko, ana hesabu zake nyingi, anazipitishia kwenye mashine ya mjane kwa njia ya waya wa umeme. Umeme ukikatika, njia imekatika, mashine inapona. Ukirudi, anaanza upya kidogo kidogo ili asishtukiwe.

CHEREHANI: Wewe umekaa na barua za watu mpaka unaona siri kila mahali. Ngoja nikaangalie mwenyewe.

Akaingia. Tukamsikia akimuuliza Shemeji kama amekula, na Shemeji akijibu kwamba amekula, maana hilo swali Fundi Saa alishaliuliza muda si mrefu. Akatoka.

CHEREHANI: Tisini na tano.

Karani akaandika.

CHEREHANI: Mnataka ukweli? Ile mashine ina huzuni. Vidole vya mwenye nyumba inavijua. Mimi mashine yangu akikaa mtu mwingine inakata uzi papo hapo. Ile inamtafuta Waya. Inapekua kila faili, kila barua aliyowahi kuichapa, inarudi tena mwanzo.

Tungekuwa siku nyingine ningemcheka. Badala yake nilijikuta nagonga msumari kwenye soli ambayo haikuhitaji msumari.

MIMI: Labda inakumbuka kila kitu kwa mpigo. Imechapa kadi za harusi za mtaa mzima, matangazo ya misiba, barua za kuomba kazi. Hata ubongo wa mtu ungechemka.

KARANI: Basi na mashine za zahanati, na za ofisi ya maji? Mashine zote zimeunganishwa na umeme mmoja. Nakwambia zinaongea. Zile kubwa zikichoka, zinaisukumia hii kazi kwa sababu haina mtu wa kuitetea.

FUNDI SAA: Hapo umeongea. Mashine yatima.

Karani akaingia kuangalia, akarudi na tisini na saba. Nikaingia mimi.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya printa, mikono kiunoni. Ukurasa mmoja ulikuwa umetoka nusu na kukwama hapo, mashine ikifikiria. Alinipisha kwenye kibodi kama anavyotupisha siku zote. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika, nikasoma, nikalishusha dirisha chini kama Waya alivyotuelekeza ili lisimzuie kazi.

SHEMEJI: Ngapi?

MIMI: Tisini na nane.

SHEMEJI: Zimetoka kurasa kumi na moja tangu asubuhi. Dada ameshanisafishia chumba, Shemeji.

Nikamuuliza kama amekula.

Nilipotoka, nilimkuta mwanamke kijana amesimama mbele ya benchi, begi begani.

MGENI: Shikamooni.

SOTE: Marahaba.

MGENI: Nimetumwa na shule kufuata mitihani. Mimi nafundisha kompyuta pale.

Cherehani alinyanyuka akamshika mkono kama amemshika mwizi, akamwingiza ndani. Tukafuata wote, kahawa ikabaki peke yake.

Shemeji alimweleza yule mwalimu ukweli wote, kwamba mitihani haijakamilika na huenda isikamilike, hata ile hadithi ya Karani ya mtu anayeiiba mashine, aliyoisikia dirishani. Mwalimu hakukasirika. Akavuta kiti, akaomba ruhusa, akafungua dirisha jeusi na kuandika. Fundi Saa akaninong'oneza kwamba huyu anaijua kazi. Halafu yule binti akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifanya. Akasoma kule chini.

MWALIMU: Hili dirisha la kuangalia prosesa mmelifungua mara ngapi?

KARANI: Kila mtu mara tatu kwa siku, tangu umeme urudi. Daftari ninalo.

MWALIMU: Na mkimaliza mnalifunga vipi?

FUNDI SAA: Tunalishusha.

MWALIMU: Kulishusha si kulifunga. Lipo, linaendelea kuhesabu.

CHEREHANI: Ule msalaba wa pembeni wa kufungia sisi hatuugusi. Tuliogopa tutazima mashine ya watu.

Mwalimu akahesabu kwa kidole kwenye kioo, taratibu, midomo ikicheza.

MWALIMU: Hamna mwizi humu. Yako arobaini na nane yamefunguka. Kila moja linaiuliza prosesa mara kumi kwa sekunde, "umechoka?" Kwa kulijibu swali hilo tu haipati nafasi ya kuchapa.

Nilitaka ardhi inimeze na vifaa vyangu vyote. Miezi saba tumekuwa tukiiua mashine kwa kuiangalia, na ni umeme kukatika mara kwa mara ndiko kulikokuwa kukiiokoa mikononi mwetu. Karani alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilimtazama Shemeji, ambaye siku hiyo peke yake alikuwa ameulizwa mara nne kama amekula, nikaona aibu ya pili: tulimuuliza chakula huku tukimharibia riziki.

MIMI: Shemeji, hukuyaona hayo madirisha?

SHEMEJI: Niliyaona yamepangana pale chini. Nikajua ni mambo ya Waya. Sikutaka kuyagusa.

Mwalimu akaanza kuyafunga. Moja, jingine, jingine. Feni ikashusha sauti, ikawa inapumua tu. Printa ikakohoa, ule ukurasa uliokwama ukatoka wote, na wa pili ukaufuata mgongoni. Shemeji aliziweka karatasi sawa kwa viganja, akaziweka mezani, akapokea nyingine. Hatukushangilia. Tulisimama tu tukihesabu kurasa kimoyomoyo.

Lilibaki dirisha moja, la mwalimu mwenyewe. Mstari wa tatu, namba ya kwanza, ilikuwa sita.

MWALIMU: Sasa niwaulize, wazee wangu. Namba ikipanda, mlikuwa mfanye nini?

Karani akafungua daftari, akarudi ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa siku aliyofundishwa, akapitisha kidole mpaka chini. Hakukuwa na kitu. Fundi Saa alinitazama mimi, mimi nikamtazama Cherehani. Kila mmoja alidhani wenzake wameambiwa. Miezi saba tumebeba namba kutoka ndani kwenda kwenye benchi, na hakuna aliyewahi kujiuliza ni za nini.

Shemeji alijibu bila kugeuka, macho kwenye printa.

SHEMEJI: Hata mimi nilimuuliza. Nikamwambia, hawa unawafundisha kusoma namba tu, ikipanda watafanya nini? Akaniambia, "Hawatafanya kitu. Lakini watakuwa wameshaingia ndani."

Cherehani alijifuta macho kwa utepe wake wa kupimia. Mimi nililia waziwazi, na wala sisingizii vumbi. Nilimwona Waya jinsi alivyokuwa wiki zile, amekonda, ameegemea meza, akinirudia somo mara ya tatu kwa upole, nami nikidhani ananiachia mashine.

Kurasa ziliendelea kutoka. Ilikuwa bado saa nane haijafika.

FUNDI SAA: Kwa hiyo, Shemeji, tusije tena kuangalia?

SHEMEJI: Nani kasema?

FUNDI SAA: Na kwa dada yako?

SHEMEJI: Nitakwenda kumsalimia, siku mbili tatu, nirudi. Kesho mje kama kawaida. Ila mkitoka, mfunge.